Kipimo bado kina mistari miwili, na kaswende ulishapona

Wiki iliyopita kaka mmoja alinimwagia mezani bahasha ya kaki. Ilikuwa na vyeti vitano, vyote vimegongwa muhuri kwamba ana kaswende. "Dokta, hii yangu imekuwa sugu," akasema. "Nimechomwa sindano 9, bado ipo." Nikapanga vyeti kwa tarehe. Dozi tatu kamili za benzathini penisilini, zote ndani ya miezi 14. Makalio yake yamebeba dawa ya kutosha watu watatu, na posa imesimama kwa kina binti hadi kipimo kirudi safi.

Hakitarudi safi. Huenda kisirudi safi maisha yake yote, na yeye amepona.

Kwa mwezi huu huyo alikuwa wa nne, basi naona bora niandike. Kile kipimo cha kutobolewa kidole, kinachotoa mistari miwili ndani ya dakika 15 hadi 20, hakimtafuti bakteria wa kaswende mwenyewe. Kinatafuta kingamwili ulizozitengeneza ulipokutana naye. Ukishazitengeneza, mara nyingi unaishi nazo hadi kaburini, dawa iwe imefanya kazi au haikufanya. Swali linalojibiwa pale ni moja tu: umewahi kukutana na kaswende? Ukikiuliza kama umepona, unamuuliza mlinzi wa getini chumvi ya mchuzi.

Kinachonikera hasa ni kwamba vyeti vinne kati ya vile vitano vilikuwa vimeandikwa VDRL. VDRL ni kipimo kingine kabisa, nduguye RPR, vile vipimo vya damu vinavyoonesha kama ugonjwa bado uko hai. Zipo maabara ndogo zinazotumia kile kikaratasi cha mistari na kuandika VDRL kwa mazoea tu, kama tunavyoita kila sabuni ya unga kwa jina moja. Mgonjwa anasoma VDRL, daktari anayefuata anasoma VDRL, anaandika sindano nyingine tatu. Hakuna aliyedanganya, na kila mmoja kakosea.

RPR yenyewe ukiiona huisahau. Mtaalamu anaweka tone la majimaji ya damu kwenye kadi nyeupe, analichanganya na kimiminika chenye chembe nyeusi za mkaa, kadi inazungushwa dakika 8. Kama kuna kitu, mkaa unagandana vipandevipande, unauona kwa macho yako. Kisha majimaji yanazimuliwa nusu, tena nusu, tena nusu, hadi mkaa ukatae kugandana. Hatua ya mwisho iliyoganda ndiyo namba yako: 1:4, 1:16, 1:64. Namba hiyo ndiyo inayopanda ugonjwa ukiwa hai na kushuka ukitibiwa. Tunataka ishuke angalau hatua mbili, tuseme kutoka 1:32 hadi 1:8, ndani ya miezi 6 hadi 12. Kwa aliyekaa na ugonjwa miaka mingi huenda taratibu zaidi.

Cheti cha tano cha yule kaka, kile cha zamani kuliko vyote, kilikuwa cha RPR, kimeandikwa kwa kalamu pembeni: 1:32. Hakuna aliyekisoma. Nikamrudisha maabara ileile, maana namba za maabara mbili hazilinganishwi hivihivi. Jibu likaja 1:2. Hatua nne chini. Wengine hubaki kwenye 1:2 au 1:4 miaka na miaka, wamepona, wala hawahitaji kuchomwa tena kwa sababu hiyo.

Ikipanda hatua mbili ndipo nakaa sawasawa kwenye kiti. Na hapo swali langu la kwanza halihusu dawa. Nauliza: mwenzako alitibiwa? Kuugua kaswende mara moja hakukupi kinga yoyote, unaweza kuipata tena usiku uleule unaosherehekea kupona. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wauguzi wenzangu wanauimba kwa kunikejeli, ni huu: RPR yenye namba siku ya sindano ya kwanza, si wiki mbili baadaye, irudie mwezi wa 6 na wa 12, maabara ileile, kila cheti kipige picha, kila tarehe ya sindano iandike kwenye simu. Karatasi huliwa na panya.

Mengine ninayoambiwa na wagonjwa sitayapa nafasi kubwa hivyo.

"Kidonda kilikauka chenyewe." Kitakauka, ndiyo tabia yake. Hutokea yapata wiki tatu baada ya kuambukizwa, hakiumi, kingo zake ngumu, na kwa wiki 3 hadi 6 kimeondoka hata ukikipaka maji ya bomba. Ndiyo maana wauza mitishamba wana mashahidi wengi. Wakati huo bakteria yuko kwenye damu. Wiki au miezi kadhaa mbele huja vipele, mara nyingi hadi viganjani na nyayoni, visivyowasha, navyo huondoka. Kisha kimya cha miaka, na mwishoni kwa baadhi ya watu moyo, ubongo au macho. Mwanamke kidonda chake kikiwa ndani hakioni kabisa. Na wanaoniletea habari za tego: sina ugomvi na mganga wako, ila nioneshe kidonda kwanza. Tena ukija mapema sana kipimo kinaweza kuwa bado hakijaona kitu, usikatae nikikuambia urudi.

"Nilimeza azuma." Dozi moja ya azithromaisini iliwahi kufanya vizuri, utafiti uliofanyika Mbeya, uliochapishwa mwaka 2005, uliikuta sawa na sindano kwa kaswende changa. Lakini usugu dhidi yake umeenea katika nchi nyingi, na kwa mjamzito haifiki kwa mtoto ipasavyo. Penisilini haijapoteza makali yake kwa mdudu huyu mpaka leo. Sindano moja ya yuniti milioni 2.4 kwa kaswende changa, tatu za wiki kwa wiki kwa iliyokaa. Asiyeweza penisilini na si mjamzito, tuna doksisaiklini.

"Sindano ilinidhuru." Usiku wa kwanza homa, baridi, kichwa kinagonga: ni bakteria wanaokufa kwa wingi. Panadol, maji, kesho yake yameisha. Usikimbie dozi zilizobaki.

"Mjamzito asichomwe sindano kali." Hapa uvumilivu wangu huisha. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba kati ya wajawazito waliokuwa na kaswende yenye namba ya juu bila kutibiwa, robo walizaa mtoto mfu. Waliopata sindano moja wakati wa ujauzito, hatari yao ilirudi sawa na ya wenzao wasio na kaswende. Mama, kubali kutobolewa kidole hudhurio la kwanza kliniki, na baba aje naye.

La mwisho ni la bibi mmoja wa miaka zaidi ya 80, aliyepimwa akisubiri kupasuliwa jicho. Mistari miwili. Watoto wake wakaanza kuangaliana, mkubwa akaniuliza pembeni kama "hii inakaa mwilini tangu enzi za marehemu." Inawezekana, nikamwambia, lakini buba, ile ya vidonda vya miguuni ya watoto wa zamani, huacha mistari hiyohiyo, na kipimo hakitofautishi. RPR yake haikuganda hata kidogo. Bibi akavuta kanga akanionesha kovu chini ya goti, la tangu utotoni. Nikamchoma zile tatu hata hivyo, kwa tahadhari, na kila wiki alinitukana kwa Kiswahili kizuri sana.