Ukiulizwa "habari?" na daktari wa madai, usijibu "nzuri"

Mwaka juzi alinijia ofisini kaka mmoja, mzaliwa wa Nyanza, aliyelitumikia jeshi la nchi kavu la Marekani kwa miaka sita. Alikuwa na bahasha kutoka VA, ile idara ya serikali inayoshughulikia wanajeshi wa zamani. Barua ilikubali kwamba magoti yake yote mawili yaliumia kazini, lakini kiwango cha ulemavu alichopewa kilikuwa asilimia sufuri. Nikaomba kuiona ripoti ya daktari wa madai, yule aliyempima kwa ajili ya dai lake. Mwanzoni kabisa imeandikwa kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Mbele kidogo: hana siku ambazo maumivu humzidi.

"Ndugu yangu, kweli ulimwambia hivi?"

Akanyamaza kidogo. "Aliniuliza habari za leo, nikasema nzuri. Ningesema nini?"

Nimelifikiria jibu lake mara nyingi tangu siku ile. Kweli, angesema nini? Sisi tumelelewa kujibu "nzuri" hata tukiwa matangani. "Salama, ila tumefiwa na mzee." Habari yenyewe huja baada ya "ila", na kila msemaji wa Kiswahili anajua kuingoja. Daktari wa madai haijui "ila" yetu. Anaandika neno la kwanza alilolisikia, anageukia swali linalofuata, na akishamaliza muda wake pengine hamtaonana tena.

Mimi ni mwakilishi niliyeidhinishwa na VA kuwasaidia watu kuandaa madai yao, na kabla ya hapo nilikuwa askari. Wengi wanaonijia ni wasemaji wa Kiswahili. Wapo walioingia jeshini kwa grini kadi, wapo walioingia kupitia MAVNI, mpango ulioanzishwa 2008 kusajili wahamiaji wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo. Ni watu wavumilivu sana. Uvumilivu huo ndio uliowafikisha mwisho wa mafunzo, na huohuo unawanyima haki yao leo.

Kwanza nitenganishe fedha tatu ambazo watu huzichanganya, na kosa linaanzia kwenye neno "pensheni". Nyumbani pensheni na kiinua mgongo ni malipo ya miaka uliyotumikia. Huku, malipo ya namna hiyo hutoka jeshini kwenyewe, na kwa kawaida ni ya aliyetimiza miaka 20. Fedha ya pili ni fidia ya ulemavu. Hiyo hailipwi kwa wingi wa miaka: hata aliyetumikia mwaka mmoja anaweza kuipata, mradi mwili au akili yake iliumia au iliugua kwa sababu ya utumishi. Haikatwi kodi ya serikali kuu, wala hawakuulizi mshahara wako wa sasa. Ya tatu ndiyo VA wenyewe huiita pensheni, na ni msaada kwa mwenye kipato na mali kidogo, aliyetumikia wakati wa vita, na ambaye ama ametimiza miaka 65 ama ana ulemavu wa kudumu unaomzuia kabisa kufanya kazi. "Wakati wa vita" hapa haimaanishi ulikwenda mstari wa mbele. Kipindi cha Vita vya Ghuba kilifunguliwa Agosti 2, 1990 na kisheria hakijafungwa, kwa hiyo karibu kila kijana wetu amo ndani yake. Walioingia baada ya Septemba 7, 1980 kwa kawaida hudaiwa pia miezi 24 ya utumishi, au muda wote walioitiwa. Huwezi kupokea fidia na pensheni hii kwa pamoja; VA hukulipa ile iliyo kubwa. Wanaonijia karibu wote wanahitaji fidia, kwa hiyo yanayofuata ni ya fidia.

VA haikuulizi uraia wako. Inaangalia ulivyoachishwa jeshi, na hilo limo kwenye DD-214, karatasi unayopewa unapotoka. Itunze pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Kabla hujakusanya kitu kingine chochote, peleka taarifa ya kusudio la kudai, fomu 21-0966. Unaweza kufanya hivyo kwa simu, 1-800-827-1000, au mtandaoni. Taarifa hiyo inakushikia tarehe kwa mwaka mzima. Ukileta dai kamili, fomu 21-526EZ, miezi kumi na moja baadaye na likakubaliwa, malipo huhesabiwa kuanzia siku uliyopeleka kusudio. Nimewaona watu wakikusanya karatasi miezi tisa kabla ya kusema lolote, wakapoteza fedha ya miezi tisa. Aliye bado jeshini ana njia bora zaidi: anaweza kudai akiwa amebakiza kati ya siku 180 na 90 za kutoka. Na aliyetoka akadai kabla mwaka haujaisha, malipo yake huanza siku inayofuata ile aliyoachishwa.

Dai la fidia husimama kwa mafiga matatu. Uwe na ugonjwa au jeraha leo, lililothibitishwa na mtaalamu. Kuwe na tukio au hali jeshini. Na kuwe na kiungo kati ya hayo mawili. Kiungo ndicho kinachowashinda wengi, ingawa sheria haidai uhakika. Inatosha daktari aandike kwamba uwezekano wa jeshi kuwa chanzo ni angalau nusu kwa nusu. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, sheria inaamuru mdai apewe ushindi. Sijui mahakama nyingi zenye huruma kama hiyo, na inaniuma kuona mtu anakata tamaa kwa kudhani anatakiwa athibitishe kila kitu.

Safari nyingine kiungo unapewa bure. Sheria ya PACT, iliyotiwa saini Agosti 10, 2022, inachukulia kwamba magonjwa kadhaa yalisababishwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka na sumu nyingine, mradi ulipangiwa mahali palipotajwa. Somalia imo, kuanzia Agosti 2, 1990. Djibouti imo, kuanzia Septemba 11, 2001, nami najua kadhaa wetu waliokaa Camp Lemonnier na hawajawahi kuambiwa. Pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini, mafua sugu, uvimbe sugu wa sainasi na saratani za aina nyingi zimo kwenye orodha. Kama uliwahi kunyimwa kwa ugonjwa kama huo kabla ya 2022, rudi.

Lakini wengi wetu tunakwama kwenye figa la pili, kwa sababu hatukwenda zahanati. Uliteguka mguu ukijipanga foleni ya kuruka na parachuti, ukafunga bendeji, ukaendelea. Faili halina kitu. Hapo ndipo huingia maelezo ya shahidi, fomu 21-10210. Mwenzako wa kikosi aliyekuona ukichechemea anaweza kuandika. Mkeo, mumeo au dada yako aliyekupokea uwanja wa ndege anaweza kuandika. Shahidi asiseme "ana ugonjwa wa mgongo", kwa kuwa yeye si daktari. Aseme alichokiona kwa macho yake, lini na wapi. Anayedai kwa sababu ya kubakwa au kudhalilishwa kingono jeshini hatakiwi awe aliripoti wakati ule. VA hukubali dalili za pembeni: ombi la ghafla la kuhamishwa, alama za kazi zilizoshuka, barua kwa mama. Dada zangu wawili wamekaa na jambo hili zaidi ya miaka kumi wakidhani bila ripoti hakuna dai.

Sasa turudi kwenye chumba cha daktari.

Mara nyingi anayekupima ni daktari wa kampuni iliyopewa kandarasi na VA. Hakutibu, na haamui. Anajaza ripoti, kisha mtumishi wa VA ambaye hatakuona uso anaisoma na kukupa asilimia kwa jedwali lililomo kwenye sheria. Kwa hiyo ambacho hakikuandikwa chumbani humo, kwa mtumishi yule hakipo. Usipotokea kabisa, dai linaweza kuamuliwa bila ripoti, na mara nyingi maana yake ni kukosa.

Chukua goti. Daktari anapima kwa kipimapembe goti linakunjika hadi nyuzi ngapi. Kwenye jedwali, ukomo wa nyuzi 45 ni asilimia 10, nyuzi 30 ni asilimia 20. Nyuzi 45 ni kidogo mno. Wenye goti bovu wengi hulikunja hadi 100 na zaidi. Wangekosa wote, isipokuwa kuna kanuni nyingine: kiungo cha mwili kinachouma kinaposogezwa kinastahili angalau kiwango cha chini cha malipo. Sasa fikiria mtu wetu. Goti linaanza kuuma kwenye nyuzi 80, anauma meno, anaendelea kulikunja hadi 130 ili amwonyeshe daktari kuwa anajitahidi. Daktari anaandika 130, bila maumivu. Sufuri.

Kwa hiyo nawaambia: pale maumivu yanapoanzia, sema "hapa". Sema kwa sauti. Na ukiulizwa kuhusu siku ambazo hali huzidi, usieleze siku ya leo uliyomeza dawa mbili ukaja. Eleza siku ile mbaya: hutokea mara ngapi kwa mwezi, hudumu saa ngapi, unashindwa kufanya nini. Mwaka 2017 mahakama inayosikiliza kesi za maveterani iliamua, katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin, kwamba daktari hawezi kukwepa kukadiria hali ya siku hizo kwa kuwa tu hakukupima siku yenyewe. Kutia chumvi nakukataza kabisa, kwa kuwa ni uongo na unaonekana. Kupunguza nako si kusema kweli.

Kwa PTSD, ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, ni vigumu zaidi. Viwango vyake hupimwa kwa namna ugonjwa unavyoharibu kazi yako na uhusiano wako na watu, wala si kwa ukubwa wa kilichokupata. Mzee mmoja aliniambia hana shida, analala vizuri. Binti yake akasema analala kwenye kiti, ameegemea mlango. Mpelekee daktari habari hiyo ya kiti. Na kama mawazo ya kujiua yapo, yaseme, na usingoje daktari wa madai: piga 988 kisha bonyeza 1, usiku au mchana.

Hesabu ya asilimia huwakasirisha watu, maana 50 na 30 kwa VA si 80. Wanakuanza ukiwa mtu mzima wa 100. Ondoa 50, umebaki 50. Asilimia 30 ya hicho kilichobaki ni 15. Jumla 65, inakadiriwa kwenda 70. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 1, 2024, asilimia 10 ililipa dola 175.51 kwa mwezi, 70 kwa asiye na wategemezi dola 1,759.19, na 100 dola 3,831.30.

Ukifika asilimia 30 unaongezewa kwa ajili ya mke au mume, watoto, na hata wazazi unaowatunza kama kipato chao ni kidogo. Hapo kwetu huzuka maswali. Ndoa ya kimila inaweza kukubaliwa ikiwa ilikuwa halali kwa sheria ya mahali mlipokuwa mkiishi mlipofunga. Ukiisajili na kupata cheti utajiondolea miezi ya barua. Mtoto wa marehemu kaka yako unayemlipia karo Nakuru hahesabiwi mpaka umemwasili kisheria. Najua kwetu huyo ni mwanao, na inauma kuliandika hili. Na mkiachana, toa taarifa mapema, maana VA ikigundua baadaye itakudai irudishiwe.

Kuhusu wanaotaka kukulipisha: mwakilishi wa chama cha wanajeshi wa zamani kama DAV, VFW au American Legion, au afisa wa kaunti, hafanyi kazi hii kwa malipo yako. Kisheria hata wakili haruhusiwi kukutoza kwa kuandaa dai la kwanza. Anaweza kulipwa baada ya uamuzi kutoka. Kampuni inayotaka miezi mitano ya nyongeza yako ya malipo ikimbie.

Ukinyimwa, tangu Februari 19, 2019 una njia tatu: dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, kuomba ofisa wa ngazi ya juu asome upya faili lilelile, au kwenda kwenye bodi ya rufaa. Ukichukua hatua ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya uamuzi, tarehe yako ya mwanzo hubaki.

Yule kaka wa magoti tulimpelekea dai la nyongeza. Mkewe aliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, nami nikautafsiri kwa Kiingereza. Aliandika kwamba nyumba yao ina ngazi kumi na nne, na kwamba asubuhi za baridi mumewe huzishuka kwa makalio, moja baada ya nyingine, kabla watoto hawajaamka. Mume alipousoma mezani kwangu alinyanyua macho. Hakujua kama mkewe humwona.

Wakampima tena. Safari hii alipoulizwa habari alisema, "Si nzuri," akaeleza. Alipata asilimia 10 kwa kila goti, 20 kwa jumla, kuanzia tarehe ya dai lake la kwanza. Sasa tunaandaa la mgongo.