Kazi inayofanyika mlangoni: michoro ya Adriaen van Ostade

Kazi yangu ni kuchapa picha kwa bamba la shaba, na mwanafunzi yeyote anayekuja kwangu huanza na mchoraji Adriaen van Ostade. Alizaliwa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1610, baba yake akiwa mfumaji, akafariki mwaka 1685. Aliacha picha za bamba zipatazo 50, nyingi ndogo.

Zipo picha za Kiholanzi za wachungaji wa mifugo zinazovutia zaidi. Nicolaes Berchem, Mharlem mwenzake, alichora wachungaji waliotulia kwenye mwanga wa Italia. Nazipenda, lakini humo sioni mtu aliyechoka.

Kwa Ostade kazi na nyumba havitengani. Katika picha ya mwaka 1652, mwanamke anasokota nyuzi nje ya mlango wake. Haarlem ilisifika kwa vitambaa vya kitani, na mfumaji bila nyuzi hana kazi. Kwa hiyo mama huyu hapitishi muda tu: yumo kwenye biashara ya mji mzima, huku mji ukimjia hadi kizingitini. Mtoto wa mfumaji alilijua hilo tangu utotoni.

Picha ninayoirudia zaidi ni ya mwaka 1653, familia ikiomba kabla ya kula. Baba amesimama, kofia ameivua. Mama ameketi na mtoto mchanga. Chumba ni duni, ila hakuna dharau humo hata chembe. Wakulima wa ujana wake, kwenye picha za rangi, walikuwa walevi na wagomvi, hawa wametulia.

Sasa tazama giza la pembeni. Bamba hupakwa nta, sindano huchora na kuifunua shaba, kisha asidi hula pale palipofunuliwa, na hapo ndipo wino hukaa wakati wa kuchapa. Mstari ukikaa zaidi ndani ya asidi, unatoka mzito. Ostade alijenga kivuli kwa mistari inayokatana tabaka juu ya tabaka, na bado akaacha vijitundu vya karatasi nyeupe kati yake, ndiyo maana giza lake linapumua. Nilipojaribu kunakili kona moja, niliichelewesha kwenye asidi, mistari ikaungana, nikabaki na doa jeusi.

Jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, limeweka picha zake mtandaoni bure. Chagua moja, ikuze mpaka uone mstari mmoja mmoja, halafu anza kuhesabu tabaka.