Mchoraji Si Mrembeshaji: Dhana Potofu Kuhusu Vitabu vya Watoto Vinavyoeleza Ugonjwa

Wazazi, wauguzi na walimu wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wanaotaka kitabu cha watoto kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi huuita sikoseli, hunijia na mswada uliokwisha kuandikwa hadi nukta ya mwisho, kisha huniomba niwatafutie mchoraji wa kuurembesha. Ombi hilo nimelisikia mara nyingi mno, nami nalijibu hapa kwa sababu huharibu vitabu vingi kuliko kasoro nyingine yoyote ninayoijua.

Dhana yenyewe ni kwamba mwandishi ndiye anayeeleza ugonjwa, na kazi ya mchoraji ni kupendezesha ukurasa. Ukweli ni kwamba mtoto wa miaka minne hajui kusoma. Husomewa, na wakati wote anaposikiliza macho yake yamo ndani ya picha. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, na ukiondoa za jina na za wachapishaji, nafasi inayobaki ni ndogo. Mwandishi akiandika kwamba macho ya Atieno, mtoto wa hadithi, yalikuwa ya manjano na vidole vyake vimevimba, mchoraji hana budi kurudia yaleyale kwa rangi. Lakini wawili hao wakikaa pamoja tangu mwanzo, sentensi hiyo hufutwa, picha ikabeba macho na vidole, na maneno yakapata nafasi ya kusema lisiloweza kuchorwa, yaani kwamba Atieno anaona haya kumwambia mwalimu kuwa anaumwa.

Kuna hatari kubwa zaidi. Mchoraji aliyepewa maandishi tu, akasoma kwamba seli za damu zimepinda kama mundu, huzichora zikiwa visu vyenye makali, na mtoto hulala akiamini kuwa mwilini mwake mna vitu vinavyomkata. Seli hazikati. Seli nyekundu yenye afya ni laini na hupenya kwenye mishipa myembamba, ilhali iliyopinda ni ngumu, hunata na hukwama, damu ikashindwa kupita kama matatu zilizobanana Kondele jioni, na sehemu inayokosa oksijeni ndiyo inayouma. Seli ya kawaida huishi takriban siku 120, iliyopinda siku 10 hadi 20 tu, na hapo ndipo unapotoka upungufu wa damu na ule umanjano wa macho. Mchoraji anayeyafahamu haya atachora msongamano, wala hatachora visu. Na atayafahamu tu iwapo ameshirikishwa kabla ya hadithi kukamilika.

Kwa hiyo huwa sikubali kazi mpaka mwandishi na mchoraji waende pamoja kliniki, kwa ruhusa ya wazazi, na wakirudi wakunje karatasi nane katikati ili wapate kurasa 32 za majaribio, wachore kwa penseli, kisha wamsomee mtoto huku wakitazama kidole chake kinaelekea wapi. Anayeona hatua hii inapoteza muda asiniletee mswada wake.

Wengine husisitiza kwamba sindano isichorwe kwa kuwa mtoto ataogopa. Mtoto mwenye selimundu ameijua sindano kabla ya kujua kuhesabu. Kitabu kinachoificha humfundisha kwamba yanayompata hayasemeki. Ichorwe, kwa ukubwa wake halisi, pamoja na mkono wa mtu aliyemshika.

Wapo pia wanaodai kitabu kimalizike mtoto akiwa amepona kabisa. Upandikizaji wa uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unaweza kuponya, lakini familia nyingi haziumudu, na kumwahidi mtoto uponyaji asioupata ni kumdanganya. Kuna mwisho mwema ulio wa kweli: kunywa maji mengi, kuvaa sweta mvua inaponyesha, kumeza dawa ya hidroksiurea kila siku ili maumivu yapungue, na kurudi darasani.

Kuhusu picha ya mama aliyeinama peke yake kwa aibu, ambayo miswada mingi huidai, nasema iondolewe. Mtoto hurithi ugonjwa huu kutoka kwa wazazi wote wawili. Wote wakiwa wabebaji, yaani wana jeni ya ugonjwa bila wao kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Baba naye achorwe kwenye foleni ya kliniki.

Mwisho, wengi wamesikia kwamba sikoseli hukinga malaria. Anayekingwa dhidi ya malaria kali ni mbebaji, aliyerithi kwa mzazi mmoja, na ndiyo sababu wabebaji ni wengi katika ukanda huu wa Ziwa Victoria. Mtoto mgonjwa malaria inaweza kumuua. Katika kila picha ya usiku, chandarua kiwe juu ya kitanda chake, hata kama hadithi haikitaji.