Muktadha katika akiolojia: sarafu ya kale na mahali ilipolala

Kwa wanaakiolojia, muktadha ni jumla ya mambo yanayokizunguka kitu cha kale pale kilipokutwa: kimelala kina gani, katika udongo wa namna gani, kando ya vitu gani, juu ya nini na chini ya nini. Sarafu ikiwa bado ardhini inayo hayo yote. Ikishang'olewa na kutiwa mfukoni bila mtu kuandika lolote, hubaki kipande cha shaba au fedha chenye maandishi, na mengi iliyoweza kutuambia yamekwisha kupotea.

Mashamba ya Uingereza yanaionyesha dhana hii waziwazi, kwa sababu huko mtu yeyote, akipata idhini ya mwenye shamba, anaweza kuzunguka na mashine ya kutambua metali, ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huku kwetu huiita ditekta. Koili yake hutoa uga wa sumaku. Uga huo ukikuta metali ardhini, huamsha mkondo mdogo wa umeme ndani yake, mashine ikaunasa na kulia. Mlio unasema tu kwamba kuna kitu. Hausemi kimezikwa pamoja na nini, na hapo ndipo mwenye mashine anapopaswa kuamua kama atachimba au atasimama.

Tarehe 16 Novemba 1992, Eric Lawes alikuwa shambani Hoxne, Suffolk, akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea. Ditekta ikamfikisha kwenye vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu na sarafu nyingi. Akatoa kiasi, kisha akafanya jambo ambalo mimi naona ni kubwa kuliko ugunduzi wenyewe: akaacha kuchimba, akatoa taarifa. Wanaakiolojia walifika kesho yake na kukuta mali nyingi ingali ilivyopangwa. Kutokana na mpangilio ule walitambua kwamba vitu vilitiwa katika sanduku kubwa la mbao lenye visanduku vidogo ndani yake, vingine vikiwa na kufuli za fedha, ingawa mbao zenyewe zilikuwa karibu zote zimeoza. Sarafu zilikaribia 15,000, na za mwisho kabisa ni za mwaka 407 au 408, wakati utawala wa Roma ulipokuwa unaondoka Uingereza. Kwa hiyo tunajua kwamba mtu mwenye mali alivifunga vitu vyake kwa uangalifu na kuvizika si kabla ya miaka hiyo. Mali ile ingechotwa kwa koleo usiku mmoja, tungekuwa na dhahabu, na habari za sanduku tusingekuwa nazo. Nyundo ilipatikana pia, na nayo ipo British Museum.

Kinyume chake kilitokea Herefordshire mwaka 2015. Watu wawili walifukua mali ya enzi za Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, wakaificha na kuiuza kidogo kidogo. Mwaka 2019 walifungwa. Inakadiriwa zilikuwemo sarafu 300 hivi, na zilizopatikana ni chache tu. Miongoni mwa hizo chache imo aina iliyotolewa na Alfred wa Wessex na pia na Ceolwulf II wa Mercia, falme mbili za Uingereza ya kale, ushahidi wa ushirikiano wa wafalme hao wawili. Zilizopotea zingesema nini, hakuna wa kutuambia.

Lakini si kila kitu kilichoko shambani kina muktadha kamili. Plau hupindua udongo wa juu, sentimita 25 au 30, mwaka hadi mwaka, na kilichomo humo kimekwisha kuhamishwa tabaka lake. Hapo ditekta haiharibu sana, mradi kila kitu kiandikiwe mahali hasa kilipookotwa, maana vitu vidogo vingi vikichorwa kwenye ramani huonyesha palipokuwa na soko au makazi. Tangu 1997 Waingereza wana mpango maalumu wa kuandikisha vitu hivyo, na vilivyoandikishwa vimepita milioni moja. Chini ya udongo wa plau ni habari nyingine. Hapo mkono unapaswa kusimama.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu sarafu za shaba za Kilwa hazikuandikwa mwaka. Zina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu yanayofuata vina. Umri wa sarafu kama hizo huthibitishwa na tabaka zilimokutwa na vitu vilivyoandamana nazo. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu zaidi ya 2,000 za fedha zilitolewa mwaka 1984 katika uchimbaji wa kitaalamu, zikiwa pamoja na dinari za dhahabu kutoka nchi za ng'ambo zenye tarehe. Dinari hizo ndizo zilizosaidia kujua umri wa zile za fedha.

Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na nne za Kiholanzi. Aliziweka miaka mingi kabla ya kuwapelekea wataalamu, na mahali alipoziokota palibaki alama tu kwenye ramani. Ni sarafu za kweli. Hata hivyo, mpaka leo watu wanabishana zilifikaje kule: na mabaharia wetu, na Waholanzi, au na mtu wa karne za karibuni?

Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahifadhi vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kuvitafuta kunahitaji leseni. Kenya mpaka ni mwaka 1895. Wanaozunguka na ditekta kwenye maboma ya zamani wajue hilo.

Na wewe ukilima ukagonga chungu chenye sarafu, weka jembe chini. Piga picha kikiwa pale pale, weka alama mahali, usikimwage, wala usizisugue sarafu kwa ndimu na mchanga, maana utafuta maandishi. Kisha toa taarifa makumbusho au kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako.