Je, wajua sindano ya flu anayochomwa mjamzito begani inamfikiaje mtoto tumboni?

Jibu fupi ni kwamba haimfikii. Mtoto anapata kitu kingine kabisa, ambacho mama yake mwenyewe ndo amekitengeneza, na namna kinavyosafiri mpaka kikamfikia ni moja ya vitu vinavyonishangazaga sana kwenye mambo ya mimba.

Kwanza tuelewane, flu hapa sio yale mafua ya kupiga chafya siku tatu ukapona. Ni influenza, ile inayokulaza kitandani na homa, mwili wote unauma na kikohozi kikali, na wengine inawashukia kwenye mapafu ikawa nimonia.

Haya, turudi begani. Chanjo anayopewa mjamzito ina virusi vilivyokwisha kufa au vipande vyake tu, kwahiyo haiwezi kukupa flu. Kuna nyingine ya kupuliza puani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, hiyo ndo mjamzito hapewi, na nadhani wengi wanaosema "mjamzito haruhusiwi chanjo ya flu" wamechanganya hizi mbili. Sasa vile vipande vikishaingia kwenye msuli, seli za kinga zinavibeba mpaka kwenye tezi za kwapani, huko vinakaguliwa na mwili unaanza kutengeneza antibodi, vijiprotini vyenye umbo la herufi Y vinavyonasa virusi vya aina hiyo. Kazi yote inachukua kama wiki mbili.

Hapo sasa ndo tunafika kwenye kondo la nyuma. Wengi tunalichukulia kama chujio, kwamba vidogo vinapita vikubwa vinabaki, lakini kwa hesabu hiyo antibodi zisingepita kamwe maana ni molekuli kubwa. Kumbe seli za kondo zina vipokezi maalumu vinavyozidaka antibodi za aina ya IgG, zinaingizwa kwenye vifuko vidogo vidogo, zinavushwa nzima nzima bila kusagwa alafu zinashushwa upande wa pili kwenye damu ya mtoto, yaani kivuko kabisa! Kinaanza kazi mapema, karibu na wiki ya 13, ila kwa kujivuta, kinakuja kuchanganya miezi mitatu ya mwisho, mpaka mimba ikitimia mtoto anaweza kuzaliwa na antibodi hizo nyingi kuliko mama yake. Ndo maana njiti anakuja na akiba ndogo, ametoka wakati mzigo mwingi bado uko upande wa mama.

Sasa kwa nini tuzunguke kote huko, si achomwe mtoto akishazaliwa? Haiwezekani, chanjo ya flu haitolewi kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Na ndo umri ambao flu ikimpata ni rahisi sana kuishia kulazwa, kwahiyo kwa ile nusu mwaka anaishi kwa akiba aliyotoka nayo tumboni pamoja na antibodi anazopata kwenye maziwa ya mama.

Hii ilipimwa Bangladesh mwaka 2004 na 2005, wajawazito 340, nusu wakapewa chanjo ya flu na nusu chanjo nyingine, na matokeo yaliyotoka 2008 yakaonyesha watoto wa waliopata ya flu waliugua flu iliyothibitishwa maabara kwa 63% pungufu. Tafiti za baadae za Afrika Kusini, Mali na Nepal zilileta namba za chini zaidi, Afrika Kusini ilikuwa kama nusu hivi, kwa mama na kwa mtoto. Ya Mali naipenda zaidi maana inaonyesha ukweli bila kupamba: ukihesabu miezi 6 yote kinga ilikuwa kama theluthi, lakini miezi minne ya kwanza peke yake ilikaribia 70%. Antibodi za kupewa hazizaliani, zinaisha taratibu kama maji ya kwenye tenki.

Na mama je? Mimba ikikua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinasukumwa juu kama sentimita 4, mahitaji ya oksijeni yanapanda, moyo unasukuma damu nyingi kuliko kawaida, kinga nayo inabadilika. Sasa mlete flu hapo. Kwenye mlipuko wa 2009 kule Marekani wajawazito walikuwa kama 1% tu ya watu wote lakini kwenye vifo walikuwa karibu 5%. Alafu homa kali mwanzoni mwa mimba imehusishwa na kasoro za ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, kwahiyo anayeogopa sindano kwa ajili ya mtoto aiweke na hiyo kwenye mizani. Mwaka 2012 WHO wakashauri nchi zenye chanjo hii ziwatangulize wajawazito.

Maudhi yake mara nyingi ni bega kuuma, uchovu au kahoma kadogo siku moja mbili. Inatolewa miezi yoyote ya mimba, ila kama uliwahi kupata mzio mkali wa chanjo ya flu mwambie nesi kabla hajavuta dawa. Na mimba nyingine, sindano nyingine, sababu virusi vinabadilika sana, mpaka WHO wanakaa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kupanga aina zipi ziingie kwenye chanjo ya msimu unaofuata.

Akiba ya mtoto inakuja kukata karibu na ule mwezi wa sita, ambapo anakuwa amefikisha umri wa kuchomwa ya kwake. Mara ya kwanza ni dozi mbili zilizopishana wiki 4, na yeye ni pajani, bega lenyewe bado halina nyama.