Elimu kwa Umma: Fedha za IDA Haziombwi kwa Simu

Ujumbe unaokutaka utume "ada ya usajili" ili upate mkopo wa Benki ya Dunia ni wa matapeli. Usijibu, usitume, toa taarifa polisi. Tungependa kuishia hapo, lakini maswali tunayoletewa yanaonyesha kuwa wengi hawajui fedha hizi hupita wapi.

IDA ni mfuko wa Benki ya Dunia kwa ajili ya nchi maskini zaidi, na ulianzishwa mwaka 1960. Mzunguko wa sasa wa fedha zake, wa 21, ulianza tarehe 1 Julai 2025 na utaisha tarehe 30 Juni 2028, ukiwa na dola bilioni 100. Wahisani wamechangia bilioni 23.7. Zilizobaki hutokana zaidi na marejesho ya mikopo ya zamani na hatifungani zinazouzwa kwenye masoko ya mitaji. Anayekopa ni serikali. Mwananchi, kikundi au SACCOS haina fomu ya kujaza. Hata mradi wa kuwakopesha wajasiriamali hupitia benki za nchini, nazo hufuata taratibu zao. Kaya za TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania wa kusaidia kaya maskini, vilevile hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, si kwa kiungo cha WhatsApp.

Wala si "hela za bure", neno tuliloshachoka kulisahihisha. Ruzuku hupewa nchi zinazotegemea IDA pekee na zenye hatari kubwa ya kuelemewa na madeni. Wengine hukopa. Mkopo wa masharti ya kawaida ni wa miaka 38, na kwa miaka 6 ya kwanza hulipwa ada ya huduma tu: asilimia 0.75 kwa mwaka ya kiasi kilichokwisha kuchukuliwa, ikiwa mkopo umehesabiwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa). Kwa mkopo wa namna hiyo wenye thamani ya dola milioni 100, ukichukuliwa wote, ada ni sawa na dola 750,000 kwa mwaka. Kuanzia mwaka wa 7 hurejeshwa sawa na dola milioni 3.125 kila mwaka, na ada hupungua kadiri deni linavyopungua. Kenya, ambayo hukopa pia IBRD, dirisha la Benki ya Dunia kwa nchi zenye uwezo zaidi, hutozwa na riba juu ya ada hiyo.

Sasa, "mkopo umeidhinishwa" haina maana kwamba fedha zimefika. Baada ya Bodi ya Benki ya Dunia kuidhinisha, mkataba husainiwa, kisha hutimizwa masharti ya mkataba kuanza kutumika, yakiwamo maoni ya kisheria ya serikali. Ndipo malipo ya awali huingia kwenye akaunti maalum ya mradi. Awamu inayofuata haitoki mpaka matumizi yathibitishwe. Hapa ndipo miradi hukwama: ankara isiyolingana na hati ya malipo ya mkandarasi, orodha ya posho isiyo na saini, au ununuzi uliofanyika bila kibali cha Benki pale kilipotakiwa. Matumizi yasiyostahili hurudishwa na serikali, yaani kwa kodi yako.

Wazabuni wasome aya hii mara mbili. Rushwa, udanganyifu, kula njama, vitisho na kuzuia uchunguzi ni makosa matano yanayoadhibiwa. Cheti cha uzoefu cha kughushi ni udanganyifu hata kama bei yako ndiyo ya chini kuliko zote. Adhabu ya kuanzia huwa ni kufungiwa miaka 3, na baada ya hapo kampuni hairudi hadi itimize masharti. Jina huwekwa wazi mtandaoni. Ukifungiwa zaidi ya mwaka 1, Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki nyingine tatu za maendeleo nazo kwa kawaida hukufungia.

Aliyeathiriwa na mradi, kwa mfano aliyehamishwa bila fidia, aanzie dawati la malalamiko la mradi na adai namba ya kumbukumbu. Asiporidhika, ipo Huduma ya Kushughulikia Malalamiko ya Benki, na lipo Jopo la Ukaguzi, lililoundwa mwaka 1993. Jopo hupokea maombi ya watu wasiopungua wawili wanaoishi eneo la mradi, kabla haijapita miezi 15 tangu mradi ufungwe. Barua ya Kiswahili inakubalika, na hakuna ada yoyote.