Kifaa cha Kushikia Taji la Jino: Kwa Nini Springi Ndiyo Iamue Nguvu

Mafundi wengi wa meno ninaowafahamu hapa Nairobi, wawe kwenye maabara kubwa ya mjini au chumba cha nyuma ya kliniki kule Eastleigh, hushika taji, yaani kofia bandia inayovishwa juu ya jino, kwa namna moja wanapolisaga: kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, mashine mkono wa kulia. Wengine hutumia kibano cha hospitali, kile cha kubania mishipa ya damu. Kwa muda sasa nimekuwa nikibuni kifaa kidogo cha mkononi cha kufanya kazi hiyo, na wenzangu wananiuliza kwa nini nimekipa umbo hili na si lile. Nitaeleza.

Kwanza kinachoshikwa chenyewe. Taji la gego la kwanza la juu lina upana wa karibu milimita 10. La jino la mbele la chini ni kama nusu ya hapo. Ukuta wa taji la zirkonia, keramiki nyeupe iliyo ngumu sana, huwa karibu milimita 1 pembeni na milimita 1.5 upande wa kutafunia. Kwa taji la chuma cha nikeli na kromiamu linalobebeshwa porseleni, chuma chenyewe huweza kusagwa hadi milimita 0.3 tu. Halafu kuna ukingo, pale taji linapokutana na jino karibu na ufizi. Hapo ndipo pembamba kuliko pote, na ndipo kazi nzima hupimwa. Mwaka 1971 watafiti McLean na von Fraunhofer walisema mwanya unaobaki kati ya taji na jino usizidi mikromita 120, yaani milimita 0.12, na hadi leo mafundi na madaktari hulitaja pendekezo hilo. Ukingo ukimeguka kidogo tu, mate na bakteria hupata njia, na jino lililo ndani ya taji huoza bila mgonjwa kujua.

Sasa tazama vidole vinashika wapi. Vinashika pembeni, na nyama ya ncha ya kidole inafunika ukingo uleule unaotaka kuuona. Mashine ya mkononi ya maabara inazunguka mara 35,000 kwa dakika, nyingine hata zaidi. Jiwe likinasa kwenye ukingo, taji linachomoka vidoleni kabla hujalisikia likitoka: unasikia tik kwenye ukuta, kisha tik nyingine sakafuni, halafu watu wawili wako magotini na tochi ya simu chini ya meza. Likiwa porseleni, mara nyingi unachookota ni vipande. Na mgonjwa huenda amesafiri usiku kucha kutoka Lodwar, ana miadi kesho asubuhi.

Wazo la haraka ni kibano chenye midomo ya mpira inayobana taji kwa nje. Sikulipenda tangu mwanzo. Midomo hiyo inaziba nusu ya eneo la kusaga, na taji halina pande mbili zilizo sambamba; limevimba katikati na kupungua juu, kwa hiyo midomo inagusa nukta mbili tu na nguvu yote inakusanyika hapo. Kulishika kwa ndani ni bora: nje yote inabaki wazi, na ukingo unauona pande zote ukizungusha.

Lakini kushika kwa ndani kuna hatari yake, na hii ndiyo sehemu ninayotaka mbunifu yeyote aielewe vizuri. Keramiki, yaani zirkonia, porseleni na jamii yake, huvumilia sana kubanwa, ila haivumilii kuvutwa. Mhandisi Mwingereza Griffith alieleza mwaka 1921 kwa nini: kitu kigumu kama kioo kina nyufa ndogo mno, na ukikivuta, nguvu hukusanyika kwenye ncha za nyufa hizo na kuzifungua. Kinachotanuka ndani ya taji kinausukuma ukuta kutoka kila upande, na ukuta unaosukumwa hivyo unavutwa kuzunguka mzingo wake. Ndiyo kusema tunalipa taji mzigo uleule lisiouweza. Zaidi ya hapo, jiwe la kusagia lenyewe linaacha nyufa mpya kila linapopita.

Kwa sababu hiyo sharti langu la kwanza ni hili: mshiko uteleze kabla taji halijapasuka. Na mkono wa mtu hauwezi kuaminiwa kwa hilo, kwa sababu mtu akiogopa kuangusha kitu hukaza zaidi. Nguvu iamuliwe na springi.

Kifaa kinafanya kazi hivi. Mbele kuna kizibo cha silikoni chenye tundu katikati. Ndani ya tundu unapita waya mgumu, mimi natumia spoku ya baiskeli ya chuma kisichoshika kutu, na mwisho wake una washa ndogo, yaani kipete bapa cha chuma. Springi iliyo ndani ya mpini inauvuta waya nyuma, washa inakandamiza kizibo, na kwa kuwa mpira haupungui ujazo, ukiufupisha unanenepa. Unene huo ndio unaoshika taji. Ukibonyeza kitufe cha nyuma, waya unasogea mbele, kizibo kinarefuka na kukonda, taji linaingia au kutoka. Kwa hiyo mkono ukilegea, taji halianguki. Unatumia nguvu wakati wa kuachilia tu.

Mpini nilikereziwa na mzee mmoja wa Kariobangi Light Industries, kwa shaba nyeupe. Alipoinua springi ya kwanza na kuibonyeza kwa kidole alitikisa kichwa. “Daktari, hii ni ya kufungia mlango. Hicho kitu chako si ni kama kikombe cha udongo?” Mimi si daktari, lakini alikuwa amelielewa tatizo lote kwa kidole kimoja. Tulikata springi laini zaidi, na sasa tunaipima kwa kulifunga taji uzi na kulivuta kwa mizani ya kuning'iniza hadi liteleze. Hupima kwa mataji yaliyokataliwa, kamwe si ya mgonjwa.

Urefu wa shingo, sehemu iliyo kati ya mpini na kizibo, ulinisumbua kuliko springi. Fundi akisaga, kidole kimoja cha mkono wa kulia huegemea kidole gumba cha kushoto. Mikono miwili inakuwa kitu kimoja na mtetemo unakufa. Ukiweka taji mwisho wa mpini mrefu, egemeo hilo linapotea na jiwe linaanza kurukaruka. Kwa hiyo shingo nimeifanya fupi sana, na nyuma yake kuna bega pana ambapo kidole cha mkono wa pili kinakaa. Sehemu ya mbele inazunguka peke yake, ili kifundo cha mkono kisijikunje siku nzima.

Kuna kitu tunachopoteza, nacho ni joto. Vidole vitupu hukuambia taji limechemka. Silikoni inavumilia joto la karibu nyuzi 200 na haikuambii lolote. Porseleni iliyo juu ya chuma hupasuka joto likipanda ghafla sehemu moja. Kwa hiyo anayetumia kifaa hiki asage kwa mguso mwepesi, ainue jiwe mara kwa mara, na zirkonia iliyokwisha kuokwa aisage kwa maji.

Jambo la mwisho linahusu daktari zaidi kuliko fundi. Silikoni huweza kuacha mafuta membamba ndani ya taji, na mafuta hayo hudhoofisha gundi. Kizibo nakioka kwanza ili mafuta yatoke, kisha baada ya kazi ndani ya taji husafishwa kwa mvuke. Zirkonia na chuma hupigwa ndani unga wa alumina, unga mgumu wa kukwaruza, wa mikromita 50 kwa presha ya chini. Taji la kioo cha lithiamu, aina nyingine ya keramiki, halipigwi unga huo. Hilo husafishwa na kutiwa asidi yake kabla ya kubandikwa.

Kwa magego kifaa kinanitosha. Kwa meno ya mbele ya chini bado, kwa sababu nafasi ya ndani ni nyembamba na kizibo kinachoingia humo hakina nyama ya kutosha kunenepa. Sasa najaribu kizibo chenye umbo bapa, kinachosukuma kuelekea ulimi na mdomo tu, ambako ukuta ni mnene zaidi.